Mwalimu wa Kiti cha Kushoto

Siku ya kwanza Kokushubila alipoketi kwenye kiti cha kushoto cha gari la shule ya udereva, aliyekuwa akitetemeka si mwanafunzi. Mwanafunzi, binti mmoja aitwaye Bupe aliyekuwa akiuza simu Kariakoo, alikuwa ametulia kama maji ya mtungini. Alirekebisha kioo, akajitazama midomo, akauliza kama anaweza kuweka muziki. Kokushubila ndiye aliyekuwa amebana mikono katikati ya magoti ili isionekane.

"Muziki baadaye," akasema. "Kwanza tufunge mkanda."

"Nshafunga, ticha."

Akageuka kutazama. Kweli, Bupe alikwisha kufunga. Ambaye hakuwa amefunga ni mwalimu.

Kwa miaka kumi na minane Kokushubila alikuwa muuguzi, tena muuguzi wa kutegemewa. Katika wodi ya watoto ya hospitali moja ya serikali huko Temeke, mama akifika na mtoto aliyeishiwa maji mpaka mishipa imejificha, manesi wenzake walikuwa na neno moja tu: "Mwiteni Koku." Koku angekuja, angeushika ule mkono mdogo kama anashika yai, angemuuliza mtoto habari za kuku wa nyumbani kwao, wana rangi gani na nani anawalisha, na kabla mtoto hajakumbuka kulia, dripu imeshaanza kutiririka. Hilo lilikuwa lake na alilijua. Mtu mwenye kitu chake cha namna hiyo akiamka asubuhi hajiulizi yeye ni nani.

Kilichomtoa huko hakikuwa ugomvi wala ugonjwa. Kilianza pale aliponunua kigari kidogo na kwenda kujifunza kuendesha, akiwa na miaka thelathini na tisa. Mwalimu aliyempata alikuwa hodari wa kufoka. "Mama, unataka kutuua?" ndiyo ilikuwa salamu yake, na Kokushubila, aliyewahi kushika vichanga vya kilo moja na nusu bila mkono kucheza, alikuwa akishuka garini amelowa jasho mpaka mgongoni. Akavumilia, akapata leseni, na akajiapiza kwamba kama kuna mwanamke anayemjua anataka kujifunza, atamfundisha mwenyewe, bila kelele.

Wakajitokeza wenzake watatu wa wodini. Jumapili baada ya ibada walikuwa wakikutana kwenye uwanja mtupu nyuma ya kiwanda kimoja kilichofungwa, wakizunguka na kile kigari, wakizima na kuwasha, wakicheka mpaka wanashika mbavu. Baada ya miezi kadhaa Kokushubila aligundua jambo lililomtia aibu kidogo: alikuwa akiingoja Jumapili kuliko anavyoingoja siku nyingine yoyote. Wodini alikuwa akifanya kazi yake vizuri, lakini kama mtu achotaye maji bombani. Ndoo inajaa, anabeba, anarudi.

Wale wenzake walipokwenda kuandikishwa kwenye shule ya udereva ya Chang'ombe ili wapate cheti, mwenye shule akashangaa. Huyo alikuwa Mzee Valerian, aliyeendesha malori ya Kongo nusu ya maisha yake na sasa ameweka shule katikati ya mafundi welda na watengeneza sofa.

"Nyie mnaendesha tayari," akawaambia. "Nani kawafundisha?"

Wakamtajia. Mzee hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe hadi hospitali, akasubiri kwenye benchi la wagonjwa mpaka zamu ya Kokushubila ikaisha.

"Wanawake wanakujaga kwangu kuuliza," akamwambia, "wakishawasikia walimu wangu wakifundisha, hawarudi. Si kwamba walimu ni wabaya. Walijifunzia kwenye malori, na kwenye lori ukiongea taratibu hakuna anayekusikia. Mie nakutaka wewe. Kuna kozi ya walimu wa udereva, nenda kasome, nafasi yako nakuwekea."

Kokushubila alikwenda na maneno hayo nyumbani Kinyerezi, akakaa nayo wiki nyingi. Mumewe, Isack, mwalimu wa jiografia wa sekondari, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimsikiliza, akasema, "Mama Lulu, mie siwezi kukuamulia. Ila tangu uanze hizo Jumapili zako, unaimba ukiwa jikoni. Hilo nimeliona."

Dada yake mkubwa, Auleria, aliyekuwa Muleba, yeye alikuwa na maneno ya kutosha. "Serikali hiyo, Koku," akasema kwenye simu. "Watu wanafunga na kusali waipate. Wewe uivue mwenyewe nguo nyeupe, ukakae garini na watoto wa watu wasiojua breki ni ipi. Mzoea punda hapandi farasi, mdogo wangu."

Kokushubila akapanda farasi. Aliacha kazi, akasoma ile kozi, akapewa cheti, akaagwa wodini kwa keki na kitenge. Na hapo, wakati ambapo kila kitu kilikuwa kimekamilika, ndipo wasiwasi ulipoingia. Kufundisha marafiki kwenye uwanja mtupu ni jambo moja. Kufundisha mtu usiyemjua, aliyelipa, kwenye barabara yenye bajaji, mikokoteni na watu wanaovuka huku wanatazama simu, ni jambo lingine kabisa. Kila asubuhi akifika Chang'ombe alikuwa akiingia ofisini kama mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa makosa, akingoja aulizwe anamtafuta nani.

Basi ndiyo hali aliyokuwa nayo alipoketi na Bupe. Siku chache za mwanzo zilikwenda salama. Bupe alikuwa na mikono myepesi na moyo usiojua hofu, jambo ambalo kwenye gari ni zuri na baya kwa pamoja.

Siku moja walikuwa wakirudi shuleni, wakikata kona ya kuingia mtaa wa mafundi. Bodaboda ikachomoka kushoto, ikapita mbele yao karibu ya kugusana. Bupe akashtuka. Badala ya kukanyaga breki akakanyaga mafuta.

Gari la shule lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi kulia, nyingine ya mwalimu kushoto. Ile ya mwalimu imewekwa kwa ajili ya dakika kama hiyo hiyo. Kokushubila aliiona. Aliiona vizuri, pale chini, karibu na ncha ya kiatu chake. Lakini mguu haukwenda.

Gari likaacha lami, likaruka jiwe dogo, likatumbukiza pua yake ndani ya sofa ya rangi ya machungwa ambayo Fundi Romani alikuwa ameitoa nje muda si mrefu ili gundi ikauke. Sofa ilikuwa mpya, imejaa sponji. Ikawapokea taratibu, ikarudi nyuma hatua mbili tatu, ikasimama. Injini ikazima.

Hakuna aliyeumia, hata taa haikuvunjika.

"Ticha," Bupe akauliza kwa sauti ndogo, "tumefika?"

Fundi Romani akatoka kwenye banda lake akiwa na nyundo mkononi na misumari midomoni. Alikuwa mtu wa Newala, mpole, hana haraka. Akalitazama gari, akaitazama sofa, akaitoa misumari ile mmoja mmoja na kuitia mfukoni.

"Karibuni," akasema. "Ila wateja wangu huwa wanashuka kwanza, ndipo wanakaa."

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Mzee Valerian alipofika akacheka zaidi ya wote, akainunua ile sofa akaiweka ofisini kwake, akisema wageni walikuwa wamechoka kukalia mabenchi. Kuanzia siku hiyo wanafunzi wakawa wanaketi kwenye sofa yenye alama ya namba ya gari mgongoni, na Bupe akawa anajipiga nayo picha.

Aliyekosa kucheka ni Kokushubila. Jioni, wakila ugali na dagaa, akamwambia Isack, "Mguu haukwenda."

"Ulishtuka. Mtu yeyote angeshtuka."

"Mie sishtukagi. Mtoto akibadilika rangi mbele yangu, mikono inakwenda kabla sijafikiri. Leo nimekaa pale kama abiria. Nilikuwa nangoja mwenye kazi aje aikanyage."

Isack akamwongezea dagaa.

Baada ya hapo mguu ukaharibika upande wa pili. Sasa ulikwenda hata usipohitajika. Kuku akivuka mita hamsini mbele, breki. Mtu akisimama kando ya barabara akifikiria mambo yake, breki. Wanafunzi wakawa wanayumba kama miti ya mihogo kwenye upepo, wanafika mwisho wa somo hawajawahi kuingiza gia ya tatu. Mke wa mchungaji mmoja wa Tandika, mama mstaarabu sana, alikwenda ofisini akaomba kwa adabu apewe mwalimu mwingine, hata yule anayefoka, maana yule akifoka angalau gari linakwenda.

Hayo yakamfikia Kokushubila, na yakamkaa moyoni.

Ilitokea wakati huohuo kwamba kule Kinyerezi, karibu na kwake, daktari mmoja aitwaye Gibson alikuwa amefungua zahanati na anatafuta nesi wa kuisimamia. Kokushubila akaenda siku ya mapumziko yake, akajiambia anapita tu kusalimia. Akiwa bado anaongea na daktari, akaletwa mtoto mwenye homa kali, mishipa haionekani, na nesi kijana aliyekuwepo ameshajaribu akashindwa. Kokushubila akanawa mikono. Akamuuliza mtoto habari za kuku. Mara dripu ikatiririka.

"Unaanza lini?" Daktari Gibson akauliza pale pale.

"Nipe mpaka Jumatatu nikaage Chang'ombe."

Akatoka pale mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kila kitu mle ndani kilikuwa kimekuja mkononi chenyewe: harufu ya dawa, kishindo cha troli, hata lile jina, "nesi", ambalo mama wa mtoto alimwita wakati wa kumshukuru. Ila alipokuwa akipanda kilima kwa miguu kwenda nyumbani, gari dogo likawa linahangaika mlimani mbele yake, linanguruma na kurudi nyuma, na akajisikia akisema peke yake, kwa sauti, "Klachi, kaka. Iachie taratibu, kaka. Taratibu." Mtu wa bodaboda akageuka kumtazama.

Jumamosi akaenda Chang'ombe akiwa amepanga maneno ya kumwambia Mzee Valerian. Akafungua mlango wa ofisi. Kwenye ile sofa ya machungwa, mgongo umenyooka, mkoba umewekwa juu ya magoti, alikuwa ameketi Metroni Sesilia.

Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa wauguzi wote pale hospitali, na kabla ya hapo mkuu wa wodi ya watoto, Kokushubila alipoanza kazi. Mwanamke wa Masasi, mfupi, mjane, anayetembea kama anafuatwa na kengele. Madaktari bingwa walikuwa wakificha chai yao wakisikia viatu vyake.

"Shikamoo, Metroni."

"Marahaba. Umechelewa."

Kokushubila alikuwa amewahi kwa nusu saa nzima. "Samahani, Metroni," akasema.

"Mwezi wa sita nastaafu," Sesilia akaeleza. "Nina shamba Vikindu. Watoto wangu wananiambia, mama tutakuwa tunakupeleka. Sitaki kupelekwa. Mtu akikupeleka, ndiye anayekwambia saa ya kuondoka. Nimeshalipa, nimemwambia huyu mzee nataka Koku, sitaki mwingine. Twende."

Pale hospitali hakuwahi kutokea mtu wa kumwambia Metroni Sesilia hapana. Kokushubila akayatazama yale maneno yake aliyoyapanga, akayaweka kando. Nitamfundisha leo tu, akajiambia, kisha nitaaga.

Metroni Sesilia aliingia garini kama anavyoingia wodini, kwa ukaguzi. Akapitisha kidole juu ya dashibodi, akakitazama, akamwonyesha Kokushubila vumbi lake. Akataka aelezwe kila kitu kimoja kimoja, asichanganyiwe. Klachi ikaelezwa, gia zikaelezwa, akavirudia vyote bila kukosea, kama mtu anayesoma majina ya dawa. Kisha akawasha, akaiachia klachi kwa mkupuo, gari likaruka kama mbuzi na kuzima.

"Limeharibika," akasema.

"Limezima tu, Metroni. Washa tena."

Akawasha tena. Likaruka tena. Mara ya tatu, ya nne. Hapo ndipo Kokushubila alipoitazama mikono ya Metroni. Mikono ile ndiyo iliyomfundisha namna ya kushika mkono wa kichanga. Sasa ilikuwa imeubana usukani mpaka mishipa imesimama, na kidole gumba cha kushoto kilikuwa kinacheza chenyewe.

"Usiniangalie," Metroni Sesilia akasema, macho mbele.

"Siangalii, Metroni."

Walimaliza somo wakiwa wamezunguka mtaa wa mafundi mara moja tu, kwa gia ya kwanza, huku Fundi Romani akiwasindikiza kwa macho na kuvuta viti vyake ndani. Kokushubila hakuaga siku ile. Jumatatu akampigia Daktari Gibson, akamwomba wiki nyingine, na baada ya hiyo nyingine tena.

Metroni Sesilia akawa anakuja kila Jumamosi na Jumapili, hakosi. Polepole akajifunza barabara za tambarare. Chang'ombe yote akaimaliza, akafika mpaka Chamazi alikokuwa akiishi, akapita mbele ya uwanja wa mpira siku ya mechi katikati ya mashabiki, akiwapungia mkono wapishe kama anavyowapungia ndugu wa wagonjwa muda wa kutazama wagonjwa ukiisha. Kilichobaki kilikuwa kilima. Na kwa kilima, Kokushubila akamleta kwao Kinyerezi, Jumapili mchana.

Walisimama katikati ya mwinuko, kama inavyotakiwa kwenye mtihani. Nyuma yao ikaja bajaji iliyopakia madumu ya maji, ikasimama karibu mno.

"Sasa, Metroni. Klachi taratibu mpaka usikie gari linatetemeka, mafuta kidogo, halafu achia hendibreki."

Metroni Sesilia akaachia hendibreki kwanza. Gari likaanza kurudi nyuma. Akakanyaga kitu, kisichokuwa breki, injini ikalia, gari likazidi kurudi, na kwenye kioo madumu yakawa yanakua.

Likasimama. Lilisimama bila kishindo. Mguu wa Kokushubila ulikuwa umeshafika pale chini, umetulia juu ya breki, na yeye mwenyewe hakujua umekwenda saa ngapi, kwa sababu mdomo wake ulikuwa ukiendelea kuongea.

"Hivi kule Vikindu, Metroni, umefuga kuku?"

Metroni Sesilia akageuza kichwa pole pole. "Koku. Unaniongelesha kama mtoto wa wodini."

"Ndiyo, Metroni. Inasaidia?"

Akarudisha macho barabarani. "Nimefuga," akasema. "Kuna jogoo mmoja ana kiburi."

Wakashuka kile kilima salama, lakini walipofika chini Metroni Sesilia akaegesha pembeni, akazima, akautoa ufunguo na kumwekea mwalimu wake mkononi.

"Mie basi," akasema. "Nimeongoza hospitali nzima, leo nashindwa na kichuguu. Watu watacheka. Nirudishe nyumbani, watoto watanipeleka huko Vikindu."

Kando ya barabara palikuwa na mama anachoma mihogo. Kokushubila akashuka, akanunua, yenye ndimu na pilipili, wakaketi kwenye gogo wakila. Na kwa kuwa muhogo wa moto humlegeza mtu ulimi, akajikuta anamweleza bosi wake wa zamani habari zote: sofa, mguu uliokataa kwenda, mke wa mchungaji, zahanati ya Daktari Gibson.

"Nafikiri nilikosea, Metroni. Kule nilikuwa na kazi mikononi. Ilikuwa imezaliwa nami. Huku nabahatisha tu."

Metroni Sesilia aliacha kutafuna. "Imezaliwa nawe?"

"Si unaijua mwenyewe."

"Koku, wewe hukumbuki mwezi wako wa kwanza?"

Kokushubila alifikiri. Kweli hakukumbuka.

"Ulimchoma mtoto mmoja mkono huu, ukakosa. Ukamchoma mkono huu, ukakosa. Mama yake akakunyang'anya mtoto. Ukapotea, tukakutafuta wodi nzima. Nikakukuta kwenye stoo ya mashuka umejikunja unalia."

Ikamjia, kwa mbali kwanza, halafu yote: harufu ya sabuni, giza la ile stoo, mlango unafunguliwa. "Ukanikuta," akasema. "Uliniambia nini siku ile, Metroni? Maana kesho yake nilirudi."

"Nilikwambia uache kupangusia kamasi mashuka yangu, yametoka kufuliwa."

"Hilo tu?"

"Ulitaka nini kingine? Nilikuwa na wodi imejaa." Akachovya muhogo kwenye pilipili. "Tena nilipofika nyumbani nikamwambia marehemu mume wangu, tumeletewa mtoto wa Kihaya, hafiki Krismasi."

Kokushubila akaanza kucheka. Alicheka mpaka pilipili ikampanda puani, akakohoa, akalia machozi, na Metroni Sesilia akawa anampiga mgongoni kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika muhogo, na mwishowe naye akacheka, kicheko kikavu ambacho Kokushubila hakuwahi kukisikia kwa miaka yote ile. Yule mama wa mihogo akawa anawatazama na kutabasamu tu.

Walipotulia, Metroni Sesilia akajipangusa vidole, akasimama, akanyoosha mkono.

"Lete ufunguo. Kile kichuguu hakijahama."

Wakarudi. Mara ya kwanza gari likazima. Mara ya pili likazima, likarudi nyuma kidogo, Kokushubila akalizuia na kuendelea kuuliza habari za jogoo. Mara ya tatu gari likatetemeka, likasita, likainua pua na kupanda, likapanda mpaka juu kabisa pale barabara inapolala. Juu pale Metroni Sesilia akavuta hendibreki.

Kokushubila alitegemea atafurahi, atapiga makofi.

"Tugeuze," Metroni Sesilia akasema. "Inaweza kuwa ni bahati."

Wakapanda na kushuka mpaka klachi ikaanza kunuka. Haikuwa bahati.

Jioni ileile Kokushubila akampigia Daktari Gibson. Akamshukuru, akamwomba radhi kwa kumchelewesha, akamwambia atafute mwingine, na akamtajia mwenzake mmoja wa wodini aliyekuwa akitaka kazi karibu na Kinyerezi. Daktari akahuzunika kidogo, kisha akauliza kama hizo nafasi za kujifunza gari bado zipo, maana mke wake amefukuza walimu wawili.

Tusiseme kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka kama rula. Kuna siku mguu ulikanyaga mapema, kuna siku ulichelewa. Metroni Sesilia mwenyewe alifeli mtihani wa kwanza, si kwa kuendesha vibaya bali kwa kumwambia askari wa usalama barabarani aliyekuwa akimpima kwamba kucha zake ni chafu. Mara ya pili akafunga mdomo akafaulu. Na akafanya kile ambacho hakuna tangazo la Mzee Valerian lililoweza kufanya: akaieneza habari. Manesi wakaja, wake za madaktari wakaja, wamama wa kwaya ya Chamazi wakaja kwa kundi. Mke wa mchungaji wa Tandika naye akarudi, akaketi kwenye sofa kwa adabu zake zilezile, akamwomba Kokushubila kama anaweza kumpokea tena, maana gari lilikuwa linakwenda lakini masikio yalikuwa yanauma.

Dada Auleria hakuwahi kukubali. Hadi leo kanisani kwao Muleba watu wanajua mdogo wake ni nesi wa serikali ambaye amepumzika kidogo. Kokushubila ameacha kubishana naye. Akiulizwa na mtu garini, kazi yake ya zamani ilikuwa nini, anasema alikuwa muuguzi, na akiulizwa kama anaikumbuka, anasema ndiyo, wakati mwingine sana. Kisha anasema, kioo cha kushoto, dada, umetazama?

Mwezi wa saba, siku chache baada ya kuagwa hospitalini, Metroni Sesilia akampigia simu. Alikuwa amenunua gari lake mwenyewe, dogo, la bluu, na anataka kwenda nalo Vikindu kwa mara ya kwanza. Hakusema kwamba anaogopa kwenda peke yake. Alisema tu kwamba kiti cha kushoto kiko wazi.

Kokushubila akapanda. Kwa mazoea akapapasa chini kwa mguu, akakuta zulia tupu. Gari lile lilikuwa na breki moja tu, na haikuwa upande wake. Mbagala wakaipita, malori yakiwabana huku na huku, Metroni Sesilia amenyoosha mgongo, anatazama vioo vyake kimoja baada ya kingine. Kona za Kongowe zikapita. Jua lilikuwa la asubuhi, upepo unaingia dirishani na harufu ya nyasi mbichi, na mguu wa Kokushubila, uliokuwa ukihangaika juu ya zulia, ukatulia, ukanyooka.

Alishtuka gari likizimwa. Mbele yake palikuwa na migomba, mistari ya mananasi, na jogoo mwekundu amesimama juu ya ukuta wa kisima akiwatazama kama watu waliochelewa.

"Umelala," Metroni Sesilia akasema.

"Nimelala, Metroni. Samahani."

"Tangu Kongowe." Akautoa ufunguo, akautazama kidogo kabla ya kuutia kwenye mkoba. Alitaka kuonekana amekasirika, lakini uso ulimkatalia.

Mzee anayetunza shamba akaja akikimbia, amevua kofia, macho yake yanatoka kwa mama hadi kwenye gari la bluu na kurudi kwa mama. Akasalimia, akauliza huyu mgeni ni nani.

"Mwalimu wangu," Metroni Sesilia akasema, huku anafunga mlango. "Mtafutie kiti, na umwangushie dafu. Ametoka safari."

Kokushubila akashuka, akajinyoosha mgongo, akaenda kuketi kivulini kungoja dafu lake.